Mwaka Nilipomkata Mkuu Kichwa Chini

Feza alikuja kwangu hapa New Hope, huku ughaibuni, Jumamosi moja ya Februari, amevaa viatu vya wazi kwenye theluji. Alipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili akiita jina langu, "Riziki, Riziki wangu," na nyuma yake mwanawe Didier, mtu mzima wa suti, amekumbatia sufuria iliyofungwa taulo. Nilikuwa sijamwona huyu mwanamke kwa zaidi ya miaka ishirini, na mara ya mwisho alikuwa anashuka kwenye gari lenye bendera. Nilimtambua kwa shingo. Tangu usichana Feza anabeba shingo kama mtu aliyetwishwa ndoo na kuambiwa tone likimwagika atakiona. Sasa shingo ina mikunjo, na vidole vyake vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi hata hakuweza kuvua viatu mwenyewe. Nikapiga magoti nikamvua. Nikampa soksi za sufu kabla sijajibu salamu yake. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nilimpokea vibaya. Mgeni ni mgeni, hata akiwa Feza.

Tulikula. Sufuria ilikuwa na sombe, majani ya muhogo, na makayabu, yule samaki wa chumvi tuliyemzoea kwetu, na mimi nilisonga bugali. Mjukuu wangu Neema, ana miaka kumi na saba, alileta maji ya kunawa. Feza alisifu kila kitu: kochi, mapazia niliyoshona mwenyewe, joto linalotoka ukutani. "Umepata, Riziki. Mungu amekukumbuka." Nikamwambia, "Mungu amenikumbuka, na binti yangu Espe anaosha wazee siku sita kwa wiki kule Crystal, mji wa pili. Wamegawana kazi." Alicheka kile kicheko chake cha puani, na nusura nami nicheke naye, maana kicheko hakizeeki na hicho nilikipenda zamani. Kisha Didier akafuta mikono, akanyoosha tai. "Mama Espe, tumekuja na jambo dogo tu." Nikamjibu, "Jambo dogo halivai tai, mwanangu. Sema."

Alitoa bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi nne za Kiingereza, na nyingine moja fupi yenye jina langu chini na mstari mtupu. Akaeleza kwamba mama yake ameomba hifadhi. Alikuja kumtembelea, viza inakaribia kwisha, na walioshika mji kule nyumbani sasa hivi wanamtafuta. Avoka wao, yaani wakili, amesema anahitajika shahidi, mtu aliyemjua tangu zamani, tena mwenye uraia. "Ni mambo ya sheria tu, mama. Weka sahihi hapa, mimi nitapeleka Jumatatu." Kiingereza changu ni cha basi na cha duka la dawa, lakini sijawahi kutia sahihi kitu nisichokijua, hata kule kambi ya wakimbizi, hata waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni waliponitukana. Nikamwita Neema. Huyu Kiswahili anakisikia kuliko anavyokisema. Ukimwuliza kwa Kiswahili anajibu kwa Kiingereza. Siku hiyo nikamwambia, "Leo utasema Kiswahili, hata kikivunjika. Wote tusikie."

Akasoma huku kidole kikifuata mstari, akiniita koko, bibi, kama alivyozoea. "Koko, hapa inasema, wakati huyu mama alikuwa na miaka kumi na sita, alikuwa shule ya kushona, Uvira. Askari walimkamata. Sababu… alikata nguo yenye sura ya prezida, na sura ilikuwa kichwa chini. Walimfunga siku nne. Walimnyoa nywele. Walimchapa na… sijui hii kwa Kiswahili, ile kamba ya raba, ya kufunga mizigo ya gari. Ana kovu kwa mgongo." Hapo akaacha kusoma. Neema ndiye anayenipaka mafuta mgongoni wakati wa baridi, ngozi inapopasuka. Tangu mdogo anapajua mahali ambapo kidole kinazama, na kila alipouliza nilimwambia paka, usiulize. Aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akanitazama bega.

"Endelea," nikasema.

"Halafu karatasi yako inasema wewe uliona. Uliona wakimchukua Mama Feza."

Feza alikuwa anachambua mwiba wa samaki, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima.

Habari za baba na mama nitaziruka, nani hana baba na mama. Nitaanzia mlango wa fwaye, ile shule ya ushonaji ya watawa, masere kama tulivyowaita, ambako niliingia nikiwa nimeacha darasa la tano na kukaa nyumbani muda mrefu nikitazama wengine wakipita na daftari. Chumba kilikuwa kirefu, zamani ghala la pamba, na bado kilinuka pamba na panya. Cherehani zilikuwa sita, sisi wasichana ishirini, meza za kukatia mbili. Saa sita tulikula maharage na ndizi za kupika tukiwa tumekalia viroba, na anayemaliza kwanza ndiye anayepata nafasi ya kukanyaga cherehani huku wengine wanatafuna. Mimi nilikuwa namaliza kwanza. Masere Godeliva, aliyetufundisha, alikuwa na desturi moja ambayo sijaikuta kwa fundi mwingine hata mmoja. Kabla hujagusa mkasi ulitakiwa kupitisha kiganja juu ya kitambaa chote, useme kwa sauti, "Kichwa kiko huku, miguu iko huku." Alisema kila kitambaa kina kichwa na miguu, hata cheupe kabisa, na fundi asiyesalimia kitambaa atashona watu kinyume. Ukikata bila kusema unakula umesimama siku hiyo. Tulimcheka, lakini mpaka leo nikitandika kitenge juu ya meza hapa jikoni, mdomo unajisemea wenyewe.

Feza alikuwa mkubwa wa meza yetu. Alinizidi mwaka mmoja, na alisoma mpaka darasa la nane, ndiyo maana masere walimwamini daftari la vipimo. Sitasema alikuwa mbaya. Ingekuwa rahisi. Alinisuka nywele kila Ijumaa kwa mikono myepesi hata nilikuwa nasinzia mapajani pake, na siku nilipoanza hedhi katikati ya darasa, sina kitu, ni yeye aliyechana kipande cha pindo la gauni lake mwenyewe bila kunitazama usoni ili nisione aibu. Tulibeba cherehani pamoja kila jioni kuziingiza stoo, yeye upande wa gurudumu, mimi upande wa kichwa, tukihesabu hatua. Mtu kama huyo akikuuza, unauzwa na mtu anayejua uzito wako.

Wakati huo nchi ilikuwa mikononi mwa wanajeshi. Redio ilianza na jina la Mkuu wao na kulala na jina lake. Kila Jumamosi shule zote za mji zilipelekwa uwanjani kucheza zile ngoma za kumsifu, na sisi wa fwaye tukiwa wasichana wakubwa tuliwekwa mbele. Wengi tulipenda, nisidanganye. Tulipenda kucheza, tulipenda kutazamwa, na siku ya ngoma hapakuwa na maharage, palikuwa na mkate. Sasa Alhamisi moja likaja lori la kambi na majora ya kitenge. Kitambaa kizuri, cha kijani, na kila hatua moja sura ya Mkuu ndani ya duara, kubwa kama sinia. Jumamosi anakuja mgeni mkubwa kutoka Bukavu, wakasema, na wasichana arobaini wa mji wawe wamevaa sketi za kitambaa hicho. Sketi arobaini, siku mbili. Masere Godeliva alikuwa amelala na malaria, anatetemeka mpaka kitanda kinasikika ukutani. Akamwachia Feza mkasi mkubwa.

Anayejua ushonaji ameshajua yaliyotokea, asiyejua nitamweleza. Kitambaa chenye picha inayotazama upande mmoja hukikunji ncha juu ya ncha. Ukikikunja hivyo, picha za juu zimesimama, za chini zimepinduka. Unakikunja kwa urefu wake, ubavu juu ya ubavu, na unakata polepole. Lakini tulikuwa na haraka, na Feza aliona kwamba tukikunja ncha kwa ncha tunatoa kipande cha mbele na cha nyuma kwa mkato mmoja. "Kunja," akasema. Nikakunja. Hakuna aliyepitisha kiganja. Mimi ndiye niliyekuwa na mkono imara, kwa hiyo mimi ndiye niliyekata, na mkasi ulikuwa mtamu, nilikata kumi bila kupumua. Ndipo nikainua kipande cha nyuma. Mkuu alikuwa amesimama kwa kichwa, na duara lake, kwa jinsi sketi inavyokaa, lilianguka pale pale msichana anapokalia.

"Feza, tazama hapa."

Akatazama. "Kata tu. Kitambaa kingine hakuna. Nani atatazama matako ya msichana?"

"Mwanajeshi," nikasema. "Hatazami kingine."

Meza nzima ikacheka. Na mimi ukinichekea nakuwa mjinga zaidi, tangu nizaliwe. Nikakishika kile kipande, nikakifunga kiunoni, nikakaa juu ya kiroba taratibu kama mama mkubwa, nikasema, "Acheni leo tumkalie kidogo. Yeye ametukalia siku zote." Feza alicheka kuliko sisi wote. Alicheka mpaka akalala juu ya meza, machozi yakalowesha daftari la vipimo. Nimekumbuka kicheko kile mara nyingi kuliko nilivyokumbuka kamba.

Ijumaa alasiri komanda wa kambi alikuja uani kututazama tukifanya mazoezi. Mbele tulikuwa tunapendeza. Tuliimba, tulikuja mbele hatua nne, akatabasamu, akapiga kiatu chini kufuata ngoma. Kisha wimbo ukafika pale pa kugeuka. Tukageuka sote pamoja, tukampa mgongo, tukatikisa kama tulivyofundishwa. Ngoma ikakatika, tukamgeukia tena. Nilisikia kuku akitembea kwenye majani makavu nyuma ya jiko. Nikasikia komanda anauliza, si kwa ukali, kama mtu anayeuliza njia, "Nani amekata hivi?" Akauliza tena. Nilikuwa mstari wa mbele, sikumwona aliyetoka nyuma yangu, lakini mlio wa viatu vyake niliujua. Feza akasema, "Ni Riziki aliyekata, mkubwa. Na alisema leo tumkalie." Aliyasema yote, kama nilivyoyasema, neno kwa neno. Kichwa chake kilikuwa kizuri kwa kushika maneno.

Yaliyofuata wameyaandika kwenye karatasi ya Feza, na yameandikwa sawasawa, isipokuwa jina. Siku nne, wembe mkavu, kamba ya raba. Siongezi, kwa sababu sikutaka kamwe wajukuu wangu wanijue kwa kilio. Wasichoandika ni dirisha. Chumba cha kambi kilikuwa na kidirisha juu kinachotazama jiko la wake wa askari, na asubuhi ya pili, nikiwa nimelala kifudifudi, nikasikia wanawake wawili wanakaanga ndagala, wale dagaa wetu. Mmoja akauliza, "Ni huyu ndiye aliyemkalia Mkuu?" Mwingine akasema, "Ndiye. Katoto kadogo hivi." Kisha nikasikia mmoja wao anajizuia, anajizuia, halafu puu, kikamtoka. Wakacheka wote wawili wakijiziba midomo kwa khanga, wake za askari, ndani ya kambi, huku waume zao wanapita na bunduki. Baadaye mkono ukaingia kidirishani na dagaa zilizofungwa kwenye jani la mgomba. "Kula, mama mkataji. Na usimwambie mtu nimecheka." Kama kuna shule niliyosoma mwaka ule ni hiyo. Nilijua siku ile kwamba hata walioko upande wa bunduki wanaogopa, na kwamba wakati hawaonekani wanacheka kama sisi. Tangu hapo sijaweza kumwogopa mtu wa magwanda kwa moyo mzima. Naogopa nusu, nusu nyingine inamtazama mshono wa suruali.

Fwaye walinifukuza, masere Godeliva alilia, lakini barua ilishaandikwa. Jumamosi ile lori liliwachukua wachezaji bora kwenda Bukavu na yule mgeni, na Feza alikaa mbele kwa dereva. Kati ya sisi ishirini watatu walipanda. Mmoja aliolewa na kanali. Mmoja alikuja kuwa mkubwa wa gereza la wanawake, yeye aliyekuwa analia akichomwa na sindano. Na Feza akawa mkubwa wa wachezaji, kisha mkubwa wa wanawake wa Chama cha Mkuu, kisha mkubwa wa mji mzima. Serikali ile ilipoanguka wakaja wanajeshi wengine, na baada yao wengine, na kila jeshi lililoingia lilimkuta Feza amesimama barabarani na mapambio. Mimi nilishona. Ajabu ni kwamba kufukuzwa kulinipa wateja: wanawake walikuja na vitambaa vyao kwenye baraza langu, wananitazama mgongo na kutabasamu, wanasema, "Nikatie wewe." Nilikata nguo za harusi, nguo za ubatizo, sanda. Mpaka siku Feza alipopita na gari la bendera akisafisha mji kwa ajili ya wageni. Alishuka mwenyewe. Akanyoosha kidole kwenye cherehani yangu. "Ondoa hiki." Nikamwambia, "Kiondoe wewe, unajua kinavyobebwa." Askari wawili walimtazama. Akarudi garini. Cherehani walibeba wao, wakaitupa lorini, na sikuiona tena. Mwaka uliofuata vita vilitufukuza, nikavuka ziwa na watoto.

Sasa turudi mezani kwangu. Nilinawa mkono, nikaufuta vizuri. "Feza, utawaonyesha mgongo gani?"

"Nina kovu la ajali ya gari," akasema, bila kupepesa. "Avoka ameliona. Linafaa."

Ndipo Didier akamgeukia. Mtoto huyu, namwita mtoto ingawa ana mvi, aliiweka bahasha chini. "Mama, ajali gani? Si ulituambia kovu hilo ni la kambi?" Nikaelewa kwamba Feza hakuanza kuniazima kwa avoka. Alikuwa amewalea watoto wake kwa mgongo wangu. Walipolalamika chakula, aliwaambia, "Mimi nilichapwa kwa kamba." Walipofeli shule, "Mimi nilinyolewa na sikulia." Didier alikua akimheshimu mama yake kwa siku nne nilizolala mimi kifudifudi. Feza akamwambia, "Nenda kawashe gari lipate joto." Akaenda. Ni mtiifu, tena nilimwonea huruma ngazi nzima aliyoshuka.

Tulipobaki, alivuta kiti karibu. "Riziki, sikia. Wewe umeshafika. Umeapa, una pasi, hakuna anayekuuliza tena. Kitu hiki kimekwisha kazi yake kwako, kimekaa tu mgongoni. Mimi kitaniokoa. Wakinirudisha wataniua, na unajua sisemi uongo."

"Najua," nikasema. "Umewaudhi wengi."

"Basi niazime."

Wengine wangeweza. Nami siku ile nilifikiri, msidhani sikufikiri. Soksi zangu zilikuwa miguuni pake. Lakini nilimwona Neema amesimama kwenye mlango wa jiko na ile karatasi kifuani, na nikajua kwamba nikitia sahihi, basi huyu atakapozeeka na kusimulia, atasema bibi yangu alikuwepo, aliona mwanamke shujaa anachukuliwa. "Hapana," nikasema. "Nilichonacho nimekupa: chakula na soksi. Mgongo hauazimwi." Akaondoka na soksi zangu, sufuria akaiacha.

Habari ilifika kanisani kabla yangu. Sisi Wakongo tunasali Crystal, ibada inaanza Wazungu wakishatoka, chumba cha chini, viti vya chuma. Jumapili mbili mfululizo wamama waliokuwa wananishikia kiti walikuwa wamekiwekea mkoba. Espe naye alinigombeza nyumbani akivua viatu vya kazi. "Mama, ni karatasi moja. Unataka kusemwa kwamba umemuua mtu?" Jumapili ya tatu wamama wakatukalisha, kama desturi yetu: mezani mandazi na chai, mimi upande huu, Feza upande ule, Mama Pasta katikati. Didier alisimama karibu na birika kubwa la chai. Neema alikaa nyuma yangu, nilimwambia aende akakataa.

"Mama Espe," Mama Pasta akaanza kwa ile sauti ya kuombea wagonjwa, "nani hapa hajapindisha mstari kwenye karatasi? Mimi mwenyewe watoto wawili wa marehemu dada yangu niliwaandika wangu."

"Hao ulivuka nao mto umewabeba," nikasema. "Ni wako. Hukumnyang'anya mtu."

Mama mmoja wa nyuma akadakia, "Kwa hiyo afe?"

"Sitaki afe! Nataka asinile mimi." Nikasimama. Nikawaambia yote, kama nilivyoyaandika hapa, kitambaa na mkunjo na kiroba. Nilipofika pale pa kumkalia Mkuu, wamama walicheka, hata Mama Pasta, kisha wakakumbuka wako wapi wakainamisha vichwa. Sikuwavulia nguo, sikuwa na haja. Nikamgeukia Feza. "Ulicheka kuliko sisi wote. Ulilowesha daftari. Niambie leo, nimezeeka, kwa nini ulitoka mstarini?"

Shingo ile, niliyoijua imesimama mbele ya majeshi yote, ikaanza kulegea. "Alikuwa ananitazama mimi," akasema. "Mimi ndiye mkubwa wa meza. Alijua ni mimi niliyeamuru. Hukuniona, ulikuwa mbele. Nilijikojolea, Riziki, nimesimama, ndani ya sketi ile. Nilisema jina lako kwa sababu lilikuwa la kwanza mdomoni. Na baada ya hapo…" Akafungua mikono juu ya meza. "Baada ya hapo nilikuwa nasema tu la kwanza mdomoni. Miaka yote. Niliogopa."

"Liandike hilo," nikamwambia. "Ulivyojikojolea, ulivyonitoa, na wengine wote uliowatoa, na wanaokutafuta leo wanakutafuta kwa nini. Sijui avoka atasema nini. Huenda wakakukatalia. Lakini hilo nitalitilia sahihi leo hii hapa, na nitakwenda nawe mbele ya jaji, na nitasema nilikuwepo."

Wamama wakatazamana. Didier ndiye aliyesogea. Alivuta kiti, akatoa karatasi tupu kwenye mkoba wake, akaiweka mbele ya mama yake pamoja na kalamu. Feza aliishika kalamu kama mtu aliyesahau inashikwaje, yeye aliyetia sahihi za mji mzima. Aliitazama karatasi. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya msichana wa fwaye, "Naanzia wapi?"

Nikamwambia aanze na jina langu.